Mashine ya tani 5 iliyotoa tani 1.6: kisa cha kituo cha kufungashia maparachichi

Kituo kabla ya mashine

Kituo hiki kiko Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, sehemu ya baridi na ukungu wa asubuhi, na kazi yake ni kufungasha maparachichi aina ya Hass yanayokwenda Ulaya kwa meli. Jina la kituo, mji, mwaka na majina ya watu vimeondolewa, na takwimu za uzalishaji ni za kukadiria. Nilikuwa mmoja wa mafundi walioitwa pale katika msimu wa pili wa mashine, baada ya mnunuzi wa Uholanzi kukata bei kwenye makontena yaliyofuatana.

Kabla ya mashine kazi yote ilikuwa ya mikono. Kreti zilipokelewa kutoka kwa vikundi vya wakulima, matunda yakamwagwa juu ya meza ndefu iliyotandikwa sponji, na akina mama thelathini na kitu wakakaa pande zote mbili, kila mmoja na mizani yake ndogo. Anashika tunda, anageuza, anaangalia ganda na kikonyo, analipima, analiweka kwenye boksi la saizi yake. Wazoefu walikuwa hawapimi kila tunda. Mkono ulishajua gramu 220 ni uzito gani, na mizani ilibaki ya kusuluhisha ubishi.

Kwa asiyefahamu biashara hii: boksi la parachichi la kusafirishwa ni la kilo 4, na saizi ni idadi ya matunda yanayoenea humo. Saizi 18 ni matunda 18 kwa boksi, kwa hiyo kila moja liwe na wastani wa gramu 222. Kiwango cha kimataifa cha UNECE (Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya) kinaipa saizi 18 nafasi ya gramu 203 hadi 243, saizi 20 gramu 184 hadi 217, saizi 16 gramu 227 hadi 274. Nafasi hizi zinapandana: tunda la gramu 210 linaruhusiwa kuwa 18 na linaruhusiwa kuwa 20. Jambo hili litarudi baadaye, na lilikuwa na gharama kubwa.

Kontena la baridi la futi 40 hubeba paleti 20 zenye maboksi 264 kila moja, jumla maboksi 5,280, tani 21 hivi. Kwa mikono, kituo kilitoa kama maboksi 250 kwa saa. Kujaza kontena moja kulichukua zaidi ya saa 21 za kazi, yaani siku mbili hadi tatu, na muda huo wote matunda ya mwisho yalikuwa yanasubiri nje ya ubaridi.

Ahadi ya tani 5

Uongozi ulinunua mashine iliyotumika kutoka Ulaya, iliyokuwa ikipanga tufaha. Ilikuwa na mahali pa kumwagia kreti, beseni la maji, kitanda cha brashi, meza ya rola ambapo wachaguzi huondoa matunda mabovu, sehemu ya kuyapanga matunda yaende mojamoja, kisha cheni ya vikombe inayopita juu ya mizani ya kielektroniki. Kompyuta inasoma uzito wa kila kikombe, na kikombe kinapofika kwenye mlango wa saizi yake kinapinduka na kuachia tunda. Milango ilikuwa 10.

Karatasi ya muuzaji iliandika uwezo wa tani 5 kwa saa. Haikuwa uongo, ila ilikuwa hesabu ya zao jingine. Cheni ilipitisha vikombe 300 kwa dakika. Ukijaza kila kikombe bila kuruka hata kimoja, na kila tunda likawa na gramu 280, unapata kilo 84 kwa dakika, yaani tani 5 na kidogo kwa saa. Parachichi za kituo hiki zilikuwa na wastani wa gramu 195. Hapo tu, hata kwa vikombe vilivyojaa vyote, uwezo unashuka hadi tani 3.5. Na vikombe havijai vyote. Tufaha ni duara na linakaa popote lilipoangukia. Parachichi lina shingo, linabingirika kwa kuyumba, linaingia kikombe cha pili au linakaa mawili pamoja, na kikombe chenye matunda mawili kompyuta inakirudisha mwanzo. Tulipohesabu, vikombe vilivyobeba tunda moja halali vilikuwa kama robo tatu ya vyote. Uwezo wa kweli wa mashine ile kwa Hass ya pale ulikuwa tani 2.6 kwa saa, sawa na maboksi 650.

Hesabu hii inafanyika kwa kalamu kabla ya kusaini mkataba. Unahitaji vitu vitatu: kasi ya vikombe, wastani wa uzito wa tunda lako mwenyewe, na sehemu ya vikombe vinavyojaa. Muuzaji analijua la kwanza. La pili analijua mwenye kituo peke yake.

Msimu wa kwanza

Mashine iliwashwa, ikafanya kazi, na kwa wiki za mwanzo watu walifurahi kuona matunda yakijipanga yenyewe. Baadaye matatizo matatu yakajitokeza, kila moja kwa wakati wake.

La kwanza lilikuwa kusimama. Mstari ulitembea dakika chache, ukasimamishwa, ukatembea tena. Mwisho wa siku maboksi yalikuwa kama 400 kwa saa, sawa na tani 1.6. Ilikuwa nafuu kuliko mikono, lakini mbali sana na tani 5 zilizoandikwa kwenye ombi la mkopo.

La pili ni uzito wa maboksi. Maboksi mengi yaliyofika mwisho wa mstari yalipungua gramu 100 hadi 150. Mizani ya mwisho iliyakamata, yakarudishwa mezani, na mfungaji akaanza kubadilisha tunda moja moja akitafuta kubwa zaidi. Wengine waliongeza tunda la 19 kwenye boksi la 18, jambo ambalo mnunuzi halikubali kwa sababu idadi haitalingana na lebo.

La tatu lilichelewa kuonekana, na ndilo lililouma. Ripoti kutoka Rotterdam zilianza kutaja madoadoa meusi kwenye ganda, mamia ya vidoa vidogo kama vya ncha ya penseli, pamoja na michubuko ndani ya nyama upande mmoja wa tunda. Siku ya kufungasha matunda yale yalikuwa safi kabisa. Picha zilipigwa, zikatazamwa, hakuna doa.

Hapo lawama zikatembea. Wakulima waliambiwa wanarusha kreti. Kampuni ya meli ikaambiwa ubaridi ulikatika, na kweli safari zilikuwa zimerefuka, kwa kuwa tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ukomavu nao ulishukiwa. Lakini vipimo vya mada kavu vya mapokezi (sehemu ya nyama ya tunda inayobaki maji yakiondolewa, kipimo cha ukomavu) vilikuwepo kwenye daftari, vyote juu ya asilimia 21 inayotakiwa kwa Hass, na kumbukumbu za joto la kontena zilionyesha mstari ulionyooka. Safari ndefu haileti doa la namna ile. Inalipatia tu muda wa kuonekana.

Mapendekezo yaliyokuwa mezani

Tulipofika, uongozi ulikuwa umeshachagua njia mbili. Ya kwanza, kuongeza kasi ya cheni. Fundi wa kituo alikuwa ameshaijaribu, na matokeo yalikuwa mabaya: vikombe vilipita haraka kuliko matunda yalivyoweza kujipanga, vikombe vitupu na vya matunda mawili vikaongezeka, na mizani ikaanza kusoma vibaya kwa mtikisiko. Ya pili, kununua cheni nyingine iende sambamba na ile ya kwanza. Bei ilikuwa imeshaombwa.

Tuliomba siku chache za kupima kabla mtu hajasaini chochote. Meneja hakupenda sana, ilikuwa katikati ya msimu na lori zilikuwa getini. Alichokubali ni kwamba tupime mashine ikiwa kazini, bila kuisimamisha. Kwa kweli hilo lilikuwa bora zaidi, maana mashine iliyosimama haionyeshi inachokwamia.

Ni nini kinausimamisha mstari

Jibu la swali hili lilitoka kwa mfungaji mmoja wa siku nyingi, mama anayeheshimika pale kuliko msimamizi. Kijana wa zamu alimfuata akiwa na wasiwasi: "Mama, mbona tumesimama tena?" Mama hakuinua macho kwenye boksi. "Mwanangu, mashine ina mlango mmoja wa kumi na nane, na hapa tuko wawili tu. Tukijaa, tufanyeje? Tunapiga kengele."

Tulikaa pale tukihesabu. Mashine ilikuwa imepangwa kama ilivyokuja: mlango mmoja kwa kila saizi, kuanzia 10 hadi 26, na wa mwisho kwa vidogo vya 28 na 30. Kwa macho ya fundi ni mpangilio safi. Lakini matunda hayaji kwa usawa. Tulipima uzito wa sampuli kutoka kwa wakulima mbalimbali, na picha ikawa hii: asilimia 30 ya matunda ilikuwa saizi 18, asilimia 27 saizi 20, asilimia 16 saizi 22, asilimia 13 saizi 16, asilimia 8 saizi 24, na zilizobaki zote pamoja asilimia 6. Zaidi ya nusu ya kontena ilikuwa inapita kwenye milango miwili kati ya kumi.

Mfungaji mzuri anafunga boksi kama 60 kwa saa, akipanga vikonyo upande mmoja na kubandika stika. Mlango wa 18 ulikuwa na nafasi ya watu wawili, kwa hiyo maboksi 120 kwa saa. Ikiwa 18 ni asilimia 30 ya kazi yote, basi kituo kizima hakiwezi kuvuka maboksi 400 kwa saa hata cheni ikizunguka namna gani. Maboksi 400 kwa saa ndiyo waliyokuwa wanayapata msimu mzima. Cheni ya pili ingemwaga matunda zaidi kwenye mlango uleule uliojaa.

Kulikuwa na jambo jingine lililofungamana na hili, ambalo kwenye karatasi za mradi halikuwepo. Wafungaji walilipwa kwa boksi. Meza ya 18 na meza ya 20 zikawa meza za pesa. Aliyekaa meza ya 10 au ya 12 alikaa nusu siku akisubiri matunda yasiyokuja. Nafasi ya kukaa meza ya 18 ilianza kugombewa, na msimamizi akashutumiwa kwa upendeleo. Wawili walioipata hawakutaka kusaidiwa hata walipozidiwa, maana msaidizi angegawana nao maboksi. Msongamano wa mlango mmoja ulikuwa umegeuka kuwa ugomvi wa mishahara, na ugomvi huo ulilinda msongamano. Nimeona vituo vingine vikizungumzia jambo kama hili kuwa nidhamu mbovu ya wafanyakazi. Wale akina mama walikuwa wanafuata sawasawa malipo yalivyopangwa.

Uzito

Hapa ndipo nafasi za saizi zinazopandana zilipoleta hasara. Aliyeweka mipaka kwenye kompyuta alichukua kile kiwango cha kimataifa na kuingiza namba ya chini ya kila saizi: 18 inaanza 203, 16 inaanza 227. Kompyuta haielewi kupandana. Kila tunda lina mlango mmoja. Matokeo yake saizi 18 ya mashine ikawa gramu 203 hadi 226, wastani kama 215. Zidisha kwa 18, ni kilo 3.87. Saizi 20 ikawa 184 hadi 202, wastani 193, boksi kilo 3.86. Kila tunda lilikuwa halali kwa kiwango na kila boksi lilikuwa pungufu.

Boksi linatakiwa liwe na kilo 4 likifika, na parachichi linapoteza maji njiani. Tulichukua shabaha ya kilo 4.1 wakati wa kufunga. Ukigawanya 4,100 kwa 16 unapata 256, kwa 18 ni 228, kwa 20 ni 205, kwa 22 ni 186. Mpaka unawekwa katikati ya jozi: 242 kati ya 16 na 18, 216 kati ya 18 na 20, 196 kati ya 20 na 22, 175 kati ya 22 na 24 (katikati ni 179, lakini kiwango kinaishia 175 kwa saizi 24), na juu 274 kati ya 14 na 16. Mipaka yote hii inabaki ndani ya nafasi zinazoruhusiwa. Kazi ya dakika kumi kwenye kompyuta, na mfungaji hahitaji tena kuwinda tunda kubwa la kukamilishia uzito.

Pamoja na hilo, tulipitisha jiwe la gramu 200 kwenye vikombe, tena na tena. Vikombe vilivyoshika utomvu na tope kavu vilisoma gramu 4 hadi 6 zaidi. Gramu 5 za uchafu kwa tunda ni gramu 100 kwa boksi la 20. Vikombe vilikuwa vinaoshwa mara moja kwa wiki.

Kutafuta doa

Sehemu hii ndiyo ningependa kila kituo kiifanye, hata chenye mashine nzuri. Tulichukua matunda 50 moja kwa moja kutoka kwenye kreti, tukayabeba kwa mkono bila kugusa mashine. Mengine 50 tuliyatoa baada ya beseni la maji, 50 baada ya brashi, na 50 mwisho kabisa, yakiwa yameangukia mlangoni. Kila tunda liliandikwa namba. Yote yakaingia chumba cha ubaridi kwa nyuzijoto 5 hadi 6 kwa wiki tatu, kisha yakatolewa yaive. Tulirudia zoezi lilelile kwa matunda yaliyovunwa siku kavu na yaliyovunwa asubuhi ya manyunyu.

Chumba kilipofunguliwa, hakukuwa na haja ya mtaalamu. Kundi la kreti na kundi la beseni yalikuwa safi. Kundi la brashi la siku kavu lilikuwa na vidoa vichache. Kundi la brashi la siku ya manyunyu lilikuwa limechafuka vilevile kama kwenye picha za Rotterdam, vidoa vyeusi vimeenea ganda zima. Tulipokata matunda, michubuko ya nyama haikuwepo kwenye makundi matatu ya kwanza. Ilikuwepo kwenye la mwisho.

Maelezo yake ni haya. Ganda la parachichi lina vitundu vidogo vya kupumulia. Tunda lililovunwa likiwa limeshiba maji, asubuhi ya mvua au umande mzito, seli zinazozunguka vitundu hivyo zimejaa na kukakamaa. Brashi ikizisugua zinapasuka. Mpasuko hauonekani siku hiyo. Unageuka mweusi polepole katika ubaridi, na kontena linapofunguliwa kazi imekwisha. Brashi za mashine ile zilikuwa ngumu, za kung'arishia tufaha, na zilizunguka kwa kasi ya tufaha. Kung'arisha Hass hakuna faida yoyote sokoni; ganda lake ni la vipele, na likiiva linakuwa jeusi.

Michubuko ilitoka kwenye milango. Kikombe kilipopinduka, tunda lilianguka kama sentimita 30 kwenye bati tupu, na mara nyingi likagonga tunda lililotangulia. Mlango wa 18, uliokuwa umejaa saa zote, ulikuwa wa tunda kugonga tunda muda wote. Kwa hiyo hata michubuko ilikuwa, kwa sehemu, mtoto wa ule msongamano.

Uamuzi uliochukuliwa

Ununuzi wa cheni ya pili uliahirishwa. Milango ikapangwa upya: mitatu kwa saizi 18, mitatu kwa saizi 20, mmoja mmoja kwa 22, 16 na 24, na wa kumi kwa saizi zote adimu, ambazo zinaingia kreti na kupimwa kwa mizani ya meza kama zamani. Programu ya mashine ilikuwa na uwezo wa kugawa saizi moja kwa milango kadhaa kwa zamu. Hakuna aliyewahi kuufungua ukurasa huo. Kwa mgawo wa tani 2.6, mlango wa 22 unapata maboksi 104 kwa saa, na wafungaji wawili wanayamudu.

Malipo yalijadiliwa na wafungaji wenyewe katika kikao. Uongozi ulitaka mshahara wa siku, wao wakakataa kwa hoja kwamba wazoefu wangepoteza. Wakakubaliana hesabu ya maboksi ya zamu nzima igawanywe kwa wote, na watu wazunguke meza kila siku. Kijana aliyekuwa mzigo wa kila mtu kwa uzembe alisemwa na wenzake, si na msimamizi.

Brashi zilibadilishwa kuwa za nywele laini na kasi ikapunguzwa. Siku za mvua kitanda cha brashi kinafunikwa kwa mkanda, matunda yanapita juu bila kusuguliwa. Milango ikawekwa sponji ngumu iliyofunikwa turubai linalooshika, na pazia la mpira la kupunguza kasi, hata anguko likabaki chini ya sentimita 10. Vikombe vikaoshwa kila zamu na mizani kurudishwa sifuri kabla ya kazi. Taa ziliongezwa juu ya meza ya uchaguzi, kwani matunda mabovu yaliyokuwa yanapita pale yalikuwa yanakula vikombe bure. Kifaa cha kutuliza umeme nacho kilifungwa, kwa sababu kompyuta ya mizani ilikuwa inajizima umeme ukishuka na kupoteza kumbukumbu ya zamu.

Kwa wakulima agizo likawa kuvuna baada ya umande kukauka, na matunda ya siku ya manyunyu yalale kivulini usiku mmoja, yapunguze maji kidogo kabla ya kupita mashineni.

Matokeo

Katika wiki mbili mstari ulipanda hadi maboksi karibu 600 kwa saa, tani 2.4. Kontena lililochukua saa 13 sasa lilijazwa kwa chini ya saa 9, zamu moja ndefu. Wafungaji wa milangoni walibaki kama 18, karibu sawa na mwanzo. Maboksi ya kurudishwa kwa uzito yakawa machache kiasi kwamba mizani ya mwisho ilihamishiwa kazi nyingine nusu ya siku, jambo nililolipinga na bado nalipinga.

Madoa yalipungua kwa makontena yaliyofuata, na mnunuzi akaacha kukata bei kwa sababu hiyo. Hayakwisha. Kontena moja la kipindi cha manyunyu lilirudi na malalamiko, na daftari lilionyesha sababu: lori zilirundikana, pakakosekana mahali pa kulaza kreti, na matunda yakapitishwa siku ileile yakiwa yameshiba maji, ingawa juu ya mkanda.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kupima mgawanyo wa saizi. Kituo kilikuwa na kumbukumbu zake zote za mikono, miaka ya hati za kufungashia zinazoonyesha maboksi mangapi ya 18 yalikwenda kwenye kila kontena. Hati hizo zingetosha kupanga milango kabla mashine haijafungwa. Zilikuwa ofisini, kwa mhasibu, na hakuna aliyemuuliza mhasibu kuhusu mashine.

Sampuli ya hatua kwa hatua ndiyo iliyomaliza lawama. Wakulima waliokuwa wakituhumiwa waliitwa kuona matunda 50 ya kreti yalivyotoka safi baada ya wiki tatu, na tangu hapo agizo la kuvuna mchana walilipokea bila kinyongo. Sidhani wangelipokea kama lingekuja likiwa limefungwa na tuhuma. Gharama ya zoezi lile ilikuwa matunda 400 na rafu moja ya chumba cha ubaridi.

Kilichoshindwa mwanzoni ni kununua mashine kwa namba moja. Mashine za kupanga kwa uzito zina sehemu nyingi zinazofuatana, na kila moja ina uwezo wake: kumwaga, kuchagua, kupanga mojamoja, kupima, kutoa, kufunga. Uwezo wa mstari ni wa sehemu iliyo finyu kuliko zote, na hapa hiyo ilikuwa mikono miwili ya mama mmoja na jirani yake. Muuzaji hakuulizwa milango inagawikaje, brashi ni ngumu kiasi gani, anguko ni sentimita ngapi. Kwa mashine iliyotumika maswali haya yana uzito zaidi, kwa sababu ilijengwa kwa mahitaji ya mtu mwingine. Ingewezekana pia kupeleka kreti chache za parachichi kwenye mashine inayofanana iliyo karibu, na kuziweka kwenye ubaridi wiki tatu kabla ya kulipa.

Kosa la mipaka ya saizi linaonekana dogo, lakini lingeweza kubaki miaka, kwa sababu kila kilichoandikwa kilikuwa sahihi kwa kiwango. Anayeweka mipaka anatakiwa aanze na uzito wa boksi na kugawa kurudi nyuma, halafu ndipo aangalie kama anavuka kiwango.

Lililobaki bila ufumbuzi kamili ni siku za manyunyu. Matunda yanataka yalale usiku mmoja yapungukiwe maji, na matunda hayohayo yanataka yaingie ubaridini mapema iwezekanavyo ili yafike mbali. Kwa hali ya hewa ya pale, usiku wenye baridi, kulaza kivulini ni chaguo sahihi, ila kunahitaji nafasi ya kreti 1,200, sawa na tani 24, yenye paa na upepo, karibu na mapokezi. Ombi la fedha lililokuwa la cheni ya pili limeandikwa upya. Sasa ni la banda hilo.